Mafuriko ya ghafla katika mji mdogo chini ya milima: dhana potofu na ukweli

Kwa kawaida mafuriko huitwa ya ghafla yanapofika ndani ya saa 6 tangu mvua kubwa ianze kunyesha, lakini katika mji uliojengwa chini ya miteremko mikali yenye makorongo mafupi, hata saa 1 yaweza kuwa muda mrefu. Ndiyo maana dhana ambayo kando ya mto mpana wa tambarare ingeleta usumbufu tu, hapa huua.

Dhana: "Hapa mjini hakujanyesha, kwa hiyo tuko salama."

Maji yanayoufikia mji si yale tu yaliyoangukia mapaa yake, bali ni yale yaliyokusanywa na mteremko mzima ulio juu yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo milimita 50 zikinyesha juu ya eneo la kilomita 10 za mraba linalomwaga maji yake katika korongo moja, zinakuwa mita za ujazo 500,000. Sehemu ya maji hayo hufyonzwa na udongo, ila udongo ukiwa umeshalowa kwa mvua za siku zilizotangulia, au ukiwa umeachwa wazi na moto wa msituni, mengi yake huteremka. Kipimamvua chenye manufaa zaidi kwa mji wa namna hii ni kile kilichowekwa mlimani na kutuma taarifa chenyewe usiku na mchana, kikisaidiwa na kipimo cha kina cha mto kilicho mbali vya kutosha juu ya mji, ili watu wapate dakika za kutoka vitandani.

Wapo pia wanaoamini kwamba miti ikishapandwa mlimani, suala limekwisha. Miti hushika udongo na kupunguza maji ya mvua ndogo na za wastani, na kwa hilo pekee inastahili kupandwa. Lakini ardhi ikishajaa maji, msitu hauwezi kuzuia mvua kubwa isiyokatika.

Dhana: "Tunyooshe mto, tuujengee kuta za zege, maji yapite haraka."

Dhana hii ndiyo inayopendwa zaidi, pengine kwa sababu zege huonekana na kuzinduliwa. Mfereji ulionyooka na laini kweli hupitisha maji haraka, lakini nguvu ya maji huongezeka kwa mraba wa kasi yake: kasi ikizidi mara 2, msukumo huzidi mara 4, na mtaa wa chini hupokea kwa pamoja maji ambayo awali yalifika kwa kupishana. Zaidi ya hayo, maji ya mlimani hayaji peke yake. Huja na magogo, mawe, mchanga na takataka, na kalavati iliyotosha katika michoro huzibika, kisha maji huiacha njia yake na kuifuata barabara. Daraja lenye uwazi mmoja mpana ni bora kuliko safu ya mabomba membamba, na nguzo za chuma za kunasa magogo juu ya kalavati husaidia sana, mradi ziwe zinasafishwa kabla ya msimu wa mvua na baada ya kila mvua kubwa. Kwa gharama ile ile inayoliwa na kuta ndefu, mara nyingi mji ungeweza kupata mabwawa ya kuchelewesha maji, au viwanja vya michezo vilivyochimbwa chini kidogo ya usawa wa mitaa, ambavyo hujaa kwa saa chache na kukauka.

Dhana: "Bwawa lililo juu yetu litatukinga."

Bwawa huzuia maji yanayoingia ndani yake tu. Mji wa Rapid City, chini ya milima ya Black Hills nchini Marekani, ulikuwa na bwawa kubwa la Pactola juu yake, lakini usiku wa tarehe 9 Juni 1972 sehemu kubwa ya mvua ilinyesha kati ya bwawa hilo na mji. Bwawa dogo la Canyon Lake, lililokuwa mjini kwenyewe, lilizibwa na takataka kwenye njia yake ya kutolea maji ya ziada, likabomoka. Watu 238 walikufa. Baadaye mji uliamua kutorudisha makazi kandokando ya kijito cha Rapid Creek, na ardhi hiyo ikageuzwa kuwa bustani na njia za kutembelea. Kwa maoni yangu hakuna hatua yenye tija kuliko hiyo, wala iliyo ngumu zaidi kisiasa, maana bustani ikifurika usiku hakuna aliyelala ndani yake.

Dhana: "Yale yalikuwa mafuriko ya miaka 100, hatutayaona tena."

Jina hilo linapotosha. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano wa kutokea ni asilimia 1, hata kama yalitokea mwaka jana. Nyumba itakayosimama miaka 30 mahali hapo ina uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kufikiwa.

Dhana: "Maji yakija, nitawasha gari niondoke."

Barabara ya kutoka korongoni aghalabu hufuata mto, hivyo anayekimbia kwa gari hukimbia sambamba na maji. Baada ya mafuriko ya mto Big Thompson katika jimbo la Colorado, Marekani, mwaka 1976, vibao viliwekwa makorongoni kuwaelekeza watu kupanda mlimani, yaani kuliacha gari na kupanda ubavu wa korongo kwa miguu. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 huweza kuliinua gari dogo likaelea, na sentimita 60 huyasomba magari mengi, yakiwemo yale makubwa. Usiku, dereva hawezi kujua kama chini ya maji hayo barabara bado ipo.