Maana ya "tope" katika mifululizo mirefu ya fantasia

Kaa na wasomaji wa The Wheel of Time, mfululizo mrefu wa riwaya za fantasia, kwa dakika kumi tu, utasikia mmoja akimwuliza mwenzake kama ameshafika kwenye tope. Wale wanaosoma kwa Kiingereza wana neno lao fupi kwa jambo hili, lenye maana ya mwendo wa taabu, kama wa mtu anayechomoa mguu mmoja kwenye udongo ulioloa huku mwingine ukizama. Kwa Kiswahili naona tope linatosha kabisa.

Tope ni sehemu ya katikati ya mfululizo mrefu wa riwaya, ambapo hadithi hupunguza mwendo hadi msomaji akafunga kitabu cha kurasa mia saba asijue ni nini hasa kimesonga. Wahusika wapo. Wanasafiri, wanajadiliana, wanaandikiana barua, wanabadili nguo. Lakini lile jambo kubwa lililomvuta msomaji tangu kitabu cha kwanza liko palepale. Hiyo haina maana kwamba kitabu kimeandikwa ovyo. Ukichukua sura moja moja unaweza ukaipenda sana, na ndiyo maana watu hukosa namna ya kueleza kinachowachosha.

Fantasia ninayoizungumzia hapa ni ile ya kiutendi: hadithi ya nathari yenye ulimwengu wake wa kubuni, ramani yake, historia ya maelfu ya miaka, uchawi wenye kanuni, na kitisho ambacho kisipozuiwa kitaangamiza kila kitu. Neno utendi sikulitumia kwa kupamba. Msomaji aliyepitia Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, wenye beti zaidi ya elfu moja za vita vya Waislamu na majeshi ya Herekali, ameshaonja upana wa namna hii. Ila hadhira ya utendi ule ilijua tangu mwanzo upande gani utashinda. Msomaji wa fantasia hapewi hilo. Hupewa kitabu kimoja, halafu "itaendelea", na kinachofuata huenda kikachukua miaka mitatu.

Robert Jordan, Mmarekani, alitoa kitabu cha kwanza cha The Wheel of Time mwaka 1990. Kufikia 1994 vilikuwa vimetoka sita, karibu kila mwaka kimoja. Kisha nafasi ikaanza kupanuka: cha saba 1996, cha nane 1998, cha tisa 2000, cha kumi 2003. Wengi huliweka tope kati ya cha saba na cha kumi. Wengine husema linaanzia cha nane, na mimi niko upande wao.

Mat, kijana mcheza kamari anayependwa na karibu kila msomaji, anaangukiwa na ukuta mwishoni mwa kitabu cha saba. Katika cha nane hayumo kabisa, hata kwa sura moja. Aliyesoma mwaka 1996 ilimbidi angoje hadi 2000 ndipo ajue kilichompata. Mwishoni mwa cha nane, Faile, mke wa Perrin, mwingine wa vijana wa kijiji cha Mat, anatekwa. Anaokolewa katika cha 11, kilichotoka 2005. Ni miaka saba ya kumwona mume mmoja akizunguka kambini na huzuni ileile.

Kilele cha tope ni kitabu cha kumi. Mwishoni mwa cha tisa, Rand, mchunga kondoo aliyegeuka kuwa tegemeo la ulimwengu, anafanya tendo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya: anaisafisha nusu ya nguvu za uchawi ambayo ilikuwa imetiwa uchafu kwa zaidi ya miaka elfu tatu. Unafungua cha kumi ukiwa na hamu ya kujua ulimwengu umebadilikaje, na kitabu kinakurudisha nyuma. Sehemu yake kubwa inaonyesha wengine walikuwa wapi siku hiyohiyo, kila mmoja akiihisi ile nguvu kutoka mbali na kujiuliza ni nini. Rand mwenyewe anaonekana kidogo tu. Kwa mtu aliyengoja zaidi ya miaka miwili, lilikuwa pigo.

Chanzo chake ni rahisi kukiona ukishamtazama msuka mkeka. Akiwa na miyaa michache mkononi, vidole vinakwenda mbio. Akiongeza, ukili unakuwa mpana na mzuri zaidi, lakini kila mwaa lazima upewe zamu yake kabla hajarudi kwenye ule wa kwanza. Jordan alianza na vijana wachache wa kijiji kimoja. Kufikia katikati alikuwa na malkia, majenerali, wasaliti, makundi ya wanawake wenye uchawi wanaopingana wenyewe kwa wenyewe, na mfululizo mzima una wahusika zaidi ya 2,000 wenye majina. Kila aliyepewa sura zake anadai arudiwe. Wakitawanyika katika nchi sita, siku moja ya hadithi inaweza kumeza nusu ya kitabu.

Hali hiyohiyo ilimfika George R. R. Martin. Kitabu chake cha tatu cha A Song of Ice and Fire kilitoka mwaka 2000. Hadithi ilipozidi kupanuka, aliwagawa wahusika kwa sehemu walizopo: cha nne, cha 2005, kikachukua baadhi yao, na sura za Tyrion, Daenerys na Jon Snow zikasubiri hadi cha tano, mwaka 2011. Aliyekuwa amempenda Tyrion alikaa miaka 11 bila sura yake hata moja.

Si kila ugumu wa vitabu virefu ni tope, na hapa watu huchanganya. Vitabu kumi vya Steven Erikson, Malazan Book of the Fallen, vilivyotoka kati ya 1999 na 2011, vinawashinda wengi mlangoni kabisa: unatupwa katikati ya vita na majina bila mtu wa kukueleza lolote. Hapo tatizo ni kuingia, na aliyeingia mara nyingi hatoki. Kuna pia uchovu wa marudio. Nynaeve, mmoja wa wanawake wenye uchawi katika hadithi ya Jordan, huvuta msuko wake akikasirika, na hukasirika mara nyingi. Katika kitabu kimoja ni alama nzuri ya kumtambulisha; ikifika mara ya hamsini unatamani angekata nywele. Hilo linakera lakini halizuii hadithi isisonge.

Vitabu hivi nilivinunua kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa akitandaza mali yake juu ya turubai pale Posta, Dar es Salaam, kimoja kimoja na bila mpangilio. Cha nane nilikikuta na kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa na kuwekwa kama alama, ukurasa wa mia mbili na kitu. Kabla ya pale, kurasa zilikuwa zimelegea na kona zimechakaa. Baada ya pale zilikuwa zimenyooka kama zimetoka kiwandani. Sijui aliyenitangulia alikuwa nani, lakini najua alikwama wapi, na nilipofika kwenye alama yake nilimwelewa.

Mimi niliendelea kwa sababu nilikuwa na cha tisa mkononi. Hii ni tofauti kubwa kati ya msomaji wa leo na yule wa 1998. Tope linapimwa kwa kalenda kama linavyopimwa kwa kurasa. Aliye na vitabu vyote 14 mezani anavuka vile vinne kwa miezi miwili au mitatu, na wengi waliosoma hivyo hushangaa malalamiko yalikuwa ya nini. Kitabu cha kumi, ukikisoma wiki moja baada ya cha tisa, ni kitabu kinachokwenda polepole. Ukikisoma baada ya zaidi ya miaka miwili, ni kama umeitwa karamuni ukakuta jiko halijawashwa.

Basi mtu anavumilia kwa ajili ya nini? Nitataja jambo moja tu, na linafichua kidogo yaliyomo. Mwanzoni mwa kitabu cha kwanza, nyumba ya Rand inavamiwa usiku na baba yake, Tam, anajeruhiwa. Rand anamlaza kwenye machela aliyoitengeneza mwenyewe, anaiburuta gizani kupita msituni, akijificha kila akisikia kishindo barabarani. Baba ana homa, anaweweseka, na katika kuweweseka anatamka maneno yanayomfanya kijana ajiulize kama kweli ni mwanawe. Usiku unaofuata Rand anaondoka kijijini, na Tam anabaki.

Jordan alifariki Septemba 2007 kabla hajamaliza, ingawa sehemu ya mwisho kabisa ya hadithi alikuwa ameshaiandika. Mkewe Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson aimalizie, na vitabu vitatu vilivyobaki vikatoka 2009, 2010 na 2013. Ni katika cha 12, cha 2009, ndipo baba na mwana wanakutana tena ana kwa ana. Kati ya mkutano huo na ule usiku wa msituni kuna vitabu vizima vya Rand akijifanya mgumu kidogo kidogo, akikariri majina ya wanawake waliokufa kwa ajili yake, akijikataza kulia. Kwa kiasi kikubwa ugumu huo umejengwa ndani ya tope lenyewe, katika zile sura ambazo tulisema hakuna kinachotokea. Tam anaingia chumbani akiwa mzee kidogo, anazungumza na mwanawe kama baba. Rand anashikwa na hasira, anamwangusha sakafuni kwa uchawi wake, na nusura amwue.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Nikaenda kabatini, nikakitoa cha kwanza, nikasoma upya kurasa zile za machela, kijana akiwa ameshika vishikio kwa mikono iliyochubuka, akimwambia baba yake asiyesikia kwamba kijiji hakiko mbali.