Daraja kucheza siyo daraja bovu jamani

Kila nikipeleka wageni kutoka nyumbani pale Union Chain Bridge, kwenye mto Tweed mpakani mwa England na Scotland, gari ikiingia tu sakafu ikacheza kidogo mtu anashika mlango: "injinia, hili limeoza, tugeuze." Nimechoka aisee.

Daraja la kuning'inia linatakiwa licheze. Mzigo wote unabebwa na mnyororo, na mnyororo hauna ukakamavu wa boriti, uzito ukihama nao unabadilisha mkao, gari ikifika katikati panabonyea, ikipita panarudi. Pale ni mita 137, minyororo ya chuma cha kufua ya Kapteni Samuel Brown, lilifunguliwa Julai 1820, sasa urefu wote huo unataka utulie kama kalavati?

Na mnaogopa kisichoua. Silver Bridge kule Marekani, mto Ohio, halikuanguka kwa kuyumba. Desemba 15, 1967 chuma kimoja cha mnyororo kilikatika kwenye tundu la pini, chanzo ni kaufa ka kama milimita 2.5 ambako huwezi kukaona ukiwa barabarani, daraja zima likaingia mtoni, watu 46 wakafa. Kila pingili ilikuwa na vyuma viwili tu, kimoja kikienda cha pili hakiwezi peke yake. Union lina jozi tatu za minyororo kila upande, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakaongezea kamba za waya juu yake. Kwa hiyo ukitaka kuogopa ogopa kwa akili, nenda katazame pini na maungio, tafuta kutu inayochuruzika, maana maji yakituama kwenye tundu ndo kazi inaanzia hapo. Mimi sakafu ikicheza wala sishtuki, nikiona pini inalia kutu nauliza nani anakagua.

Upepo ni kesi nyingine, huo nauheshimu. Daraja la Tacoma Narrows kule Marekani, 1940, sakafu ilikuwa nyembamba mno, upepo wa kama kilomita 64 kwa saa ukaimaliza, daraja halijafikisha hata miezi mitano.

Eti askari wakipita kwa hatua za pamoja daraja linaanguka? Daraja la Broughton kule England, 1831, kweli lilianguka, ila boliti zilikuwa mbovu tayari.

Eti Union ni la kale, la kupigia picha tu? Hapana, lilifumuliwa 2020, likafunguliwa tena 2023 na magari madogo yanapita, moja moja.

Halafu hii ya "simu imesema ndo njia fupi." Simu haijui vibarabara vya kule. Ukitokea kijiji cha Horncliffe, upande wa England, njia ni nyembamba, inashuka, na mnara wa upande wa England umejengwa kwenye mwamba kabisa kwa hiyo unakata kona kali ndo unaingia darajani. Ukiwa na vani ya mizigo soma kibao cha uzito mapema na uzungukie mji wa Berwick, kurudi kinyumenyume kwenye kile kilima huku kuna gari nyuma yako ni adhabu.