Takwimu za shambani hazizeeki ripoti ikitoka

Wengi huamini kwamba ripoti ya utafiti ikishachapishwa, takwimu zilizokusanywa shambani zimemaliza kazi. Sivyo. Ripoti hutoa wastani. Daftari la majaribio ya maharage, tuseme ya kituo cha Uyole pale Mbeya, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), hueleza kila kipande cha shamba: mbegu, tarehe ya kupanda, mvua, magonjwa. Mtafiti wa Iringa akiunganisha takwimu hizo na zake, anaweza kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza mwanzoni.

Ila kuwapa wengine takwimu hizo tu hakutoshi. "Magunia 12 kwa ekari": ni ya kilo 100 au lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kiasi? (Wakulima wa viazi Njombe wanaujua ugomvi huo.) Andika kilo, ukubwa wa eneo na unyevu wa punje. Majina na namba za simu za wakulima huondolewa kwanza.