Je, Wajua Kwa Nini Betri ya Simu Huvimba?

Dalili huanza kidogokidogo. Kava la nyuma linaachia upande mmoja, kioo kinainuka pembeni, au simu ikilazwa mezani inayumba. Wenye vitochi wana kipimo chao cha siku nyingi: toa betri, ilaze juu ya meza, isukume kwa kidole. Betri nzima hukwama. Iliyovimba huzunguka kama pia, kwa sababu tumbo lake pekee ndilo linalogusa meza. Kipimo hicho ni cha kuaminika, na ikizunguka, betri hiyo haifai kurudishwa ndani ya simu.

Kilichojaa humo ndani ni gesi. Wapo wanaosema ni chaji iliyozidi, au maji yaliyoingia, lakini gesi hiyo inatengenezwa na betri yenyewe.

Ndani ya betri ya lithiamu kuna karatasi mbili nyembamba za metali. Moja ni ya shaba iliyopakwa grafaiti, huo ndio upande hasi. Nyingine ni ya alumini iliyopakwa mchanganyiko wenye lithiamu, mara nyingi pamoja na kobalti, huo ndio upande chanya. Katikati kuna utando wa plastiki wenye unene wa milimita 0.01 hadi 0.025 hivi, kazi yake kuzuia pande hizo mbili zisigusane. Vyote vinakunjwa pamoja, vinaloweshwa kimiminika chenye chumvi ya lithiamu, kisha vinafungwa: kwenye kopo jembamba la alumini kwa betri nyingi za vitochi, kwenye mfuko laini kwa simujanja. Ukichaji, lithiamu huhamia upande wa grafaiti. Ukitumia simu, hurudi.

Kimiminika hicho si maji. Maji huanza kuvunjika yakipata volti 1.23, na betri ya simu hupanda hadi volti 4.2 ikijaa, za simu za karibuni hata 4.45. Kwa hiyo hutumika viyeyusho vya kemikali vinavyostahimili zaidi, ila vina kasoro mbili: vinawaka, na navyo havistahimili milele. Mara ya kwanza betri inapochajiwa kiwandani, sehemu ya kimiminika huvunjika juu ya grafaiti na kuacha utando mwembamba unaokinga kilichobaki. Gesi ya hatua hiyo hutolewa kabla mfuko haujafungwa moja kwa moja. Baada ya hapo utando huo hupasuka na kujiziba tena miaka yote ya matumizi, na kila ukijiziba hutoka gesi kidogo: kaboni dioksidi, kaboni monoksidi, hidrojeni, ethilini. Betri yenye afya inaweza kuzeeka bila uvimbe kuonekana. Swali basi ni nini kinachoharakisha gesi hiyo.

Joto ndilo la kwanza, na katika nchi zetu ndilo baya kuliko yote. Apple, kwa mfano, inashauri iPhone itumike mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35. Dar es Salaam mwezi wa Januari, kivulini tu, joto hufika 31 au 32. Simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda, juani, ikiwa imewasha ramani na inachajiwa kwa wakati mmoja, imeshauvuka mpaka huo. Ndiyo maana simu nyingi hupunguza kasi ya kuchaji au hukataa kabisa zikipata moto, na huo si ubovu wa chaja. Vua kava, chomoa waya, iweke kivulini penye upepo. Usiitie kwenye friji: ikitoka humo mvuke wa hewani hugeuka matone ndani yake, na hapo umeongeza tatizo jingine. Simu inayochajiwa chini ya mto hupata shida hiyo hiyo, kwani joto lake halina pa kutokea.

Joto likikutana na betri iliyojaa, uharibifu huongezeka. Makadirio yanayotumika sana kwenye fani ya betri ni kwamba ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa 100%, hupoteza takribani theluthi ya uwezo wake. Ikikaa kwenye joto hilo hilo na chaji ya 40%, hupoteza kama 15%. Simu nyingi sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80%. Uwashe, hasa kama simu yako hulala kwenye umeme usiku kucha.

Kuisha kabisa nako kunavimbisha. Simu ya zamani iliyosahaulika kabatini huendelea kupoteza chaji polepole, na volti ikishuka sana, shaba huanza kuyeyuka ndani ya kimiminika. Ukija kuichaji, shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipostahili na inaweza kuunganisha pande mbili. Simu ya kuhifadhi izimwe ikiwa na chaji ya nusu, na iongezwe kila baada ya miezi 6.

Kuhusu chaja: simu yenyewe ndiyo inayodhibiti umeme unaoingia kwenye betri, kwa hiyo chaja yenye wati nyingi haivimbishi betri kwa ukubwa wake tu. Hatari iko kwenye njia zinazoiruka simu. Ile chaja ya kubana betri, yenye taa za rangi, hutegemea kibao kidogo cha ulinzi kilichomo kwenye betri kukata umeme volti zikizidi. Betri ya bandia mara nyingine haina kibao hicho, au kipo kibovu. Paneli ya sola inayoitwa ya volti 12 hutoa hadi volti 20 hivi jua likiwa kali. Kuiunga moja kwa moja na betri ya simu ni kutafuta moto. Pitisha kwenye kidhibiti chenye tundu la USB la volti 5.

Hata kiwanda hukosea. Agosti 2007 Nokia ilitoa tahadhari juu ya betri milioni 46 za aina ya BL-5C zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita, kwa kuwa baadhi zilipata moto kupita kiasi zikichajiwa. Mwaka 2016 Samsung iliziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7. Uchunguzi ulikuta betri za kundi la kwanza zilikuwa zimebanwa kwenye kona, na za kundi la pili zilikuwa na kasoro za uchomeleaji.

Ikishavimba, usiichaji tena na uizime. Usikandamize kioo ili kirudi mahali pake. Na wala usikubali fundi aitoboe kwa sindano eti "itoe upepo". Sindano inaweza kuunganisha pande mbili papo hapo. Hata isipowaka, unyevu wa hewani huingia na kukutana na chumvi ya lithiamu, ikazaa asidi ya haidrofloriki, sumu inayounguza ngozi na mapafu. Tumbo litanywea, lakini betri haijapona. Fundi mzuri huiondoa ikiwa na chaji ndogo, chini ya robo, kwa kadi ya plastiki, na hulainisha gundi kwa spiriti badala ya kuikwangua kwa bisibisi.

Ukisikia mlio wa gesi inayofoka au harufu tamu inayofanana na ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha, sogea mbali na ufungue madirisha. Moshi wake usiuvute. Ikiwaka, maji mengi yanafaa, kwa sababu kazi kubwa ni kuipoza isiendelee kujichoma kwa ndani. Mchanga huzuia moto kusambaa lakini haupozi vya kutosha. Kama simu iko kwenye umeme, kata kwanza kwenye swichi ya ukutani.

Betri iliyotolewa iviringishiwe utepe wa plastiki kwenye sehemu zake za kuunganishia umeme na ikae kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba. Usiichanganye na taka zinazochomwa uani. Nairobi kuna WEEE Centre na Rwanda kuna Enviroserve, wanaopokea taka za kielektroniki. Kwingine, muulize fundi kama ana mnunuzi wa betri chakavu kabla hujamwachia.