Kabla treni haijafika, tulishajua inakoelekea

Sisi tuliokulia kando ya reli hapa Lubumbashi tulijua treni ya mizigo itashika njia ipi kabla haijatokeza. Si uganga. Pale reli zinapoachana pana wenzo wa chuma wenye kitu kizito mwishoni. Kikilala huku, treni inanyoosha. Kikipinduliwa kule, inachepuka.

Papa mwenye kuupindua hakutaka tumkaribie. “Batoto, mutoke apo!” Tulimhusudu kwa nguvu zake. Leo natengeneza njia za reli, na nakuambia kupindua ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ilikuwa kuinama na kutazama.

Wenzo unavuta fimbo, fimbo inasogeza ndimi mbili, yaani reli zilizochongwa zikawa nyembamba nchani. Ulimi mmoja unabana reli kubwa. Wa pili unaacha nafasi ukingo wa gurudumu upite. Ule uzito unaukandamiza ulimi usirudi nyuma. Sasa kokoto inase hapo katikati: ulimi haufiki mwisho, unabaki mwanya wa milimita chache tu, ukingo unajipenyeza, na magurudumu ya behewa moja yanafuata njia mbili. Ndiyo maana papa yule hakuachana na ufagio wala kopo lake la grisi.

Mbele kidogo reli mbili zinakatana, na hapo lazima pawe na pengo. Kishindo tulichokisikia hadi kitandani kilitoka pale. Mabehewa matupu yalipiga kelele. Yenye shaba yalitikisa ardhi.

Reli ilifika kwetu mwaka 1910 ikitokea Sakania. Kwa kaskazini-magharibi inagawanyika Tenke: moja Kolwezi hadi Dilolo, nyingine Bukama na Kamina. Kwa hiyo kosa la Tenke si dogo kama la ndani ya stesheni, ambako treni inaingia tu njia isiyo yake.

Treni ikitokea upande wa pili, njia mbili zinapoungana kuwa moja, mambo ni mengine. Kwenye mitambo mingi ya uzito, magurudumu yenyewe yanausukuma ulimi ukafunguka. Ila kama umefungwa kufuli, fimbo inapinda, na dereva anaweza asihisi kitu. Hapo sharti ni moja: asirudi nyuma hata hatua, hadi mtu ashuke akakague ulimi.