Masizi ya dizeli: maswali kuhusu mapafu na kichujio cha ekzosi

Moshi wa dizeli una madhara gani hasa?

Ule weusi ni masizi: chembe za kaboni zilizobeba mabaki ya mafuta na kemikali nyingine. Nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo pua haizizuii, zinashuka hadi vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Mwenye pumu hubanwa kifua, na moyo nao huathirika. Juni 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi huu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwa wachimba madini waliofanya kazi chini ya ardhi pamoja na mashine za dizeli.

Gari langu halitoi moshi mweusi. Niko salama?

Si lazima. Chembe ndogo kabisa hazionekani kwa macho.

Kichujio kinayanasa masizi. Halafu yanakwenda wapi?

Kichujio hiki, ambacho mafundi wanakiita DPF, ni kauri yenye vitundu vingi kama sega. Gesi hupenya kuta zake, masizi hubaki. Yasipoungua humo humo, kinaziba na injini inakosa nguvu.

Ugumu uko kwenye joto. Masizi yenyewe huhitaji nyuzi 600 hivi za Selsiasi ili yaungue, ilhali moshi wa gari lililo kwenye foleni mara nyingi haufiki 300. Ndiyo maana kinahitajika kichocheo, yaani kitu kinachosaidia masizi kuungua kwenye joto la chini zaidi. Platinamu hugeuza nitrojeni oksidi iliyomo kwenye moshi kuwa nitrojeni dioksidi, na hii huanza kuunguza kaboni kwenye nyuzi 250 hadi 300. Seriamu, ambayo nayo ni metali, hufanya kazi kwa njia nyingine: huyapa masizi oksijeni yake, kisha hujaza pengo kwa oksijeni iliyomo kwenye moshi. Peugeot walipoleta kichujio kwenye magari madogo mwaka 2000, walitia seriamu kwenye mafuta, masizi yakaungua kwenye nyuzi 450 hivi. Kichocheo chenyewe hakiliki katika kazi hiyo.

Fundi anataka kuikata DPF aitupe. Nikubali?

Usikubali. Gari litavuta, ndiyo, lakini masizi yote yatarudi kwa watoto wanaosubiri daladala nyuma yako. Muulize kwanza kwa nini imeziba. Huenda ni safari fupi fupi, injekta mbovu, au oili isiyofaa, ambayo majivu yake hayaungui kamwe. Salfa nayo hudhoofisha kichocheo. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki, zikiwamo Kenya na Tanzania, ziliweka kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa milioni kwenye dizeli, basi nunua kituoni, si kwenye madumu ya barabarani. Taa ya DPF ikiwaka, fuata kitabu cha gari. Mara nyingi mwendo mzuri wa barabara kuu humaliza tatizo.

Mimi ni fundi. Nijilinde vipi?

Usikipulize kichujio kwa kompresa hadharani. Utayavuta yale yale yaliyonaswa. Vaa barakoa ya N95, kitambaa hakitoshi. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa. Na kichujio kinapounguza masizi yake, ekzosi huwa moto mno: usiliegeshe gari juu ya majani makavu.