Bia ya msimu ni nini, na msimu wa Dodoma ni upi

Bia ya msimu ni bia inayopikwa kipindi fulani tu cha mwaka. Huenda malighafi yake inapatikana wakati huo tu, au hali ya hewa ya wakati huo ndiyo inayoiwezesha kuchacha vizuri, au kuna shughuli ya watu inayoihitaji. Kipindi kikipita, haipikwi tena mpaka mwakani. Siku hizi madukani utakuta chupa ina lebo ya msimu huku ndani mkiwa na bia ileile ya mwaka mzima iliyoongezwa ladha kidogo. Hiyo kwa maoni yangu haistahili jina. Kama mpishi angeweza kuipika Februari sawasawa na alivyoipika Julai, msimu umebaki kwenye karatasi.

Bia za namna hii zinahusishwa zaidi na viwanda vidogo, vile ambavyo mwenye kiwanda ndiye anayekoroga sufuria au anayemjua anayekoroga. Kiwanda kikubwa kinauza uhakika: bia ya Dodoma ionje sawa na ya Mwanza, ya leo sawa na ya mwaka jana. Mpishi mdogo hana mzigo huo. Akiletewa mtama mzuri wa mavuno mapya anaupika, na ukiisha anageukia kitu kingine.

Chimbuko linalotajwa sana ni Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Kabla ya mashine za kupoza, bia iliyopikwa miezi ya joto iliharibika upesi, ikawa chungu na chachu. Mwaka 1553 mtawala wa huko, Albrecht V, alipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi tarehe 29 Septemba. Kwa hiyo Machi wapishi walipika bia yenye nguvu zaidi kidogo ili idumu, wakaihifadhi kwenye mahandaki ya baridi, watu wakainywa taratibu mpaka joto likapungua. Mpaka leo inaitwa Märzen, yaani ya Machi. Tamasha la Oktoberfest la mjini München lilianza mwaka 1810 kwa sherehe ya harusi ya mwana wa mfalme, Ludwig, na bibi harusi Therese, na kivutio chake kilikuwa mbio za farasi. Bia ilikuja kulitawala baadaye, na Märzen ikawa bia yake kwa miaka mingi. Miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde alipotengeneza mashine za kupoza, sababu ya kuacha kupika kiangazi ikaondoka. Desturi haikuondoka.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa kuna jambo ambalo watu wengi wa Dodoma wanaliishi bila kulipa uzito wake. Sisi tuna msimu wa bia, na una mantiki kuliko lebo nyingi za kigeni.

Mvua zetu ni za kifuku kimoja, yaani msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazizidi milimita 600 kwa mwaka. Mahindi yanabahatisha, mtama na uwele ndivyo vinavyostahimili, na vinavunwa kati ya Mei na Julai. Miezi hiyohiyo ndiyo ya baridi. Mji uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14. Hamira za bia nyingi za viwanda vidogo zinafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Ndani ya tembe, yenye kuta nene za udongo na paa bapa la udongo, mchana haupandishi joto sana na usiku haulishushi sana. Mtungi ukiwekwa kona ya ndani mwezi Juni unachacha polepole bila kuharakishwa. Jaribu hilo Novemba, mchana ukiwa umepita nyuzi 30, uone jinsi pombe inavyokimbilia uchachu.

Kisha kuna jua. Pombe ya mtama inaanza na kimea. Mtama unalowekwa usiku kucha, unachujwa maji, unatandazwa na kufunikwa kwa magunia, unanyunyiziwa maji kwa siku chache mpaka utoe vijimizizi, halafu unaanikwa ukauke kabisa na kusagwa. Hapo kwenye kuanika ndipo kifuku kinapomshinda mpishi. Kimea kikikosa jua la siku mbili tatu kinashika ukungu, na kimea chenye ukungu hakina tiba. Kiangazi cha Dodoma, chenye jua kali na upepo mkavu usiokoma, ni kikaushio cha bure.

Hatua inayofuata inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayotenganisha pombe ya mtama na bia ya shayiri. Kimea cha shayiri kinachanganywa na maji moto tu, na wanga wake unageuka sukari. Wanga wa mtama ni mgumu zaidi. Unahitaji joto la nyuzi 70 na kitu ndipo ulainike. Ukikichemsha kimea chenyewe, vimeng'enya vyake, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vinakufa na hakuna sukari utakayopata. Kwa hiyo mpishi anaanza na uji mzito wa unga wa mtama ambao haukuoteshwa, anauchemsha mpaka uive, anauacha upoe, ndipo anaweka kimea. Mpishi wa Chamwino au Bahi hahitaji kipimajoto: anachovya kidole, na kama anaweza kukiacha humo kidogo bila kuungua, uji uko tayari. Anakoroga. Uji uliokuwa unashika mwiko unaanza kulegea, unakuwa mwepesi, na ukiuonja ni mtamu ingawa hakuna aliyetia sukari. Hiyo ndiyo togwa, na watoto hupewa.

Ikiachwa inakuwa chachu, na mara nyingi huchemshwa tena na kuongezwa kimea kingine. Usiku huo inaanza kutoa povu na sauti ya kububujika. Kesho yake inachujwa, machicha wanapewa nguruwe au kuku, na pombe inapelekwa kilabuni ikingali inachacha. Kilevi chake kwa kawaida ni kidogo, asilimia chache tu. Leo asubuhi ina utamu, jioni imekaza, keshokutwa ni siki. Wagogo huiita ujimbi, na kwa muda mrefu imekuwa ya shughuli: kualika watu shambani, sherehe, kupokea wageni, mambo ya wazee.

Rangi ya mtama nayo ina habari zake. Mtama mwekundu una ukakasi mkali ambao ndege kama kweleakwelea hawaupendi, kwa hiyo unafika ghalani ukiwa mwingi zaidi, na pombe yake ina rangi nzuri na ukali unaokaa nyuma ya ulimi. Mtama mweupe, aina kama Macia, ndio unaotafutwa na kampuni kubwa za bia nchini, ambazo zimekuwa zikiununua kwa wakulima wa Dodoma. Natamani tuone kiwanda kidogo cha hapa kikiukumbatia mwekundu. Ladha hiyo ndiyo yetu.

Msimu wetu una upande mwingine unaoumiza. Januari hadi Machi ghala linapungua huku shamba likiwa bado kijani. Miaka ya mvua haba, viongozi wa mikoa na wilaya za kanda hii wamekuwa wakipiga marufuku kupikia pombe nafaka. Mpishi anachukia, na namwelewa, kwa kuwa wengi ni akina mama wanaosomesha watoto kwa ndoo hizo. Lakini hoja iko wazi: debe likiingia kwenye mtungi, haliingii kwenye chungu cha ugali. Amri ya Albrecht V ilifunga upishi kwa sababu ya joto. Za kwetu zinaufunga kwa sababu ya njaa.

Hapa lazima niseme jambo bila kuzunguka. Kuna mazoea ya kusema kwamba nafaka iliyoharibika isiyofaa kwa ugali itafaa kwa pombe. Si kweli, na ni hatari. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi yenye ukungu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, wala kwa kuchachusha. Nafaka yenye ukungu isiingie kwenye pipa, hata kama hasara inauma.

Msimu hauishii kwenye mtama. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba, na wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Bihawana wanajua uchungu wa kukaa na zabibu zilizoiva wakati mnunuzi hatokei. Huko Italia kuna aina nzima ya bia inayopikwa kwa kuchanganya kimea na mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa. Dodoma ina zabibu, ina mtama, ina watu wanaojua kupika. Sioni kwa nini bia ya namna hiyo isizaliwe hapa mwezi Agosti, kiasi kidogo, iishe, tuisubiri tena. Upande wa Manyoni na Itigi kuna asali, na pombe ya asali, wanzuki, ina wenyewe tangu zamani. Ubuyu nao upo kila kijiji, na ukali wake ungeifaa bia nyepesi ya kiangazi. Kusini mwetu, Iringa, ulanzi unagemwa kutoka kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua, na hakuna anayehoji kwa nini haupatikani Septemba.

Tamasha la bia, kwa maana yake halisi, ni mahali ambapo wapishi wengi wanaleta kazi zao na mnywaji anaonja kidogo kidogo, akiwa na mpishi mbele yake wa kumuuliza. Gilasi ni ndogo, kama robo ya chupa au chini ya hapo. Kuonja kunaanza na nyepesi na kuishia na kali, maji ya kunywa yakiwa karibu na chakula kikiendelea. Si mashindano ya nani kalewa. Kwa Dodoma wakati wake ungekuwa Julai au Agosti, mavuno yakiwa ndani, hewa ikiwa baridi, na watu wakiwa wameshazoea kukusanyika: Nane Nane inajaza viwanja vya Nzuguni, na Chamwino ina tamasha lake la muziki wa Cigogo. Wapishi wa kilabuni wapewe meza sawa na wenye mapipa ya chuma, maana wao ndio wanaoujua mtama. Wawe na leseni, mlangoni waangaliwe umri, miaka 18 na kuendelea, na gongo isiingizwe kwenye hesabu hii hata kidogo; kukeneka pombe kali uani ni jambo jingine, na sheria yake ni nyingine.

Ukifika kwenye meza ya mpishi, muulize nafaka ilivunwa mwezi gani na wapi, kimea kilianikwa siku ngapi, na pombe ilichujwa lini. Mpishi wa bia ya msimu atakujibu bila kufikiri. Na ukitaka kubeba pombe ya mtama nyumbani, ibebe kwenye ndoo au dumu lenye kifuniko kilicholegezwa. Bado inachacha, na gesi yake itapasua chupa iliyokazwa kabla hujafika mtaa wa Kisasa.